Skonzi Laini Huanza na Unga Unaonata

Kwa miaka mingi skonzi zangu zilikuwa nzuri siku ya kwanza tu. Zikitoka jikoni jioni, watoto wanazigombea zingali moto. Kesho yake saa ya chai zimeshakauka, zinapukutika makombo mezani, na ukichovya moja kwenye kikombe inakatikia humo humo. Nilihangaika sana. Nilibadilisha hamira, nikabadilisha unga, nikaongeza yai la pili, nikaongeza majarini mpaka skonzi zikawa zinaacha mafuta vidoleni, na bado zikawa ngumu.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu wa Tanga, ambaye kwa miaka mingi ameoka skonzi kwa mkaa na kuwauzia majirani. Likizo moja ya Desemba nilikwenda kukaa kwake, na asubuhi ya kwanza nikaomba kumsaidia kukanda. Unga ukanishika vidole vyote, nami kama kawaida yangu nikanyoosha mkono kuchota unga mkavu ninyunyize. Akanishika kiganja. "Mwanangu, huo unga unaouongeza leo ndio unaokuwa jiwe kesho. Chukua mafuta."

Nilipaka mafuta mikononi, kidogo tu, nikaendelea. Siku ile ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa wapi. Tuseme umepima nusu kilo ya unga na maji yake sawasawa. Unaanza kukanda, unanata, unatupia ukufi mmoja wa unga. Unanata tena, ukufi wa pili. Ukifika mezani unanyunyiza mwingine usishike meza, na wakati wa kukata madonge mwingine tena. Kwa ukufi wa gramu 30 hivi, umeshaongeza gramu 120, karibu robo ya unga wote, na hukuongeza maji, wala hamira, wala sukari. Kipimo ulichoanza nacho hakipo tena. Umeoka kitu kingine kabisa.

Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji hujisuka kuwa nyuzi zinazovutika, ndiyo gluteni. Nyuzi hizo ndizo zinazonasa hewa inayotolewa na hamira. Zikipata maji ya kutosha huvutika kama mpira na skonzi hujaa hewa. Zikikosa maji hukakamaa, hewa inashindwa kuzisukuma, na skonzi inatoka ndogo na nzito. Tena mkate ulioingia jikoni na maji machache unakauka mapema, maana hauna akiba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama ungechukua mmoja tu uwe huu: unga wa skonzi unatakiwa unate mwanzoni. Uache unate. Hautabaki hivyo.

Kipimo ninachotumia sasa ni hiki. Unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 70, chumvi kijiko kimoja cha chai, hamira ya chenga ndogo vijiko viwili vya chai visivyojaa, yai moja, siagi au majarini gramu 60, maziwa mililita 180 na iliki iliyotwangwa siku hiyo hiyo. Kama unaweza, nunua mizani ndogo ya jikoni. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa vinapishana sana, na tofauti hiyo peke yake inaweza kukuharibia kazi kabla hujaanza kukanda.

Katika huo unga wa gramu 500, toa vijiko vitatu vya chakula upikie uji. Ndiyo, uji. Mbinu hii inatumika sana Asia Mashariki, kwa Wajapani na Wachina, kwenye ile mikate yao ya maziwa ambayo ukiivuta inachanika kama pamba. Koroga ule unga na maji mililita 125 yangali baridi, weka kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka uwe mzito na mwiko uache njia chini ya sufuria. Haichukui hata dakika tano. Epua, funika, uache upoe. Wanga wa unga ukipata joto la nyuzijoto 65 hivi ukiwa na maji, huvimba na kuyashika kwa nguvu. Unaingiza maji mengi kwenye donge bila donge kuwa tope, na maji hayo hayakimbii upesi hata skonzi ikilala siku mbili. Tangu nianze kuweka uji, skonzi zangu za siku ya tatu zinalika bila kupashwa. Sijui mbinu nyingine ndogo kiasi hiki iliyonisaidia kiasi hiki.

Maziwa chemsha kama kawaida, kisha yaache mpaka yawe vuguvugu. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto mchanga. Usihisi moto wala baridi. Hapa wengi wanaharibu, kwa kuwa wameambiwa hamira inataka joto basi wanaipa maji yanayochoma. Hamira ni kiumbe hai. Inafurahia nyuzijoto 35 hadi 40, na ikifika kwenye 60 inakufa, na ikishakufa hata ungoje mpaka usiku hautaona kitu kikiumuka. Kama maziwa ya ng'ombe hayapo, tui jepesi la nazi linafaa sana na ladha yake naipenda zaidi, ila punguza siagi nusu, maana tui lina mafuta yake.

Hamira ya chenga ndogo unaichanganya moja kwa moja na unga. Ile ya punje kubwa ianze kuamshwa kwenye maziwa vuguvugu yenye sukari kidogo kwa dakika kumi. Na hata ile ya chenga ndogo, kama huiamini, ijaribu kwanza hivyo hivyo: isipotoa povu, itupe. Niliwahi kununua pakiti kwenye duka moja ambalo zilikuwa zimening'inizwa dirishani juani, tarehe yake bado kabisa, na ilikuwa imekufa yote. Nilipoteza kilo mbili za unga zilizokuwa za watu waliokwisha lipa. Tangu hapo sichanganyi oda ya mtu kabla sijaona povu. Pakiti ikishafunguliwa, itie kwenye kichupa kinachofunga vizuri uiweke kwenye friji.

Sasa changanya vyote isipokuwa siagi: unga, sukari, chumvi, hamira, iliki, kisha yai, uji uliopoa na maziwa. Koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu. Litakuwa donge baya, lenye mabonge, linalonata kila mahali, na moyo utakuambia uongeze unga. Usiongeze. Funika bakuli, ondoka, kaa dakika 20. Osha vyombo, kunywa maji. Katika dakika hizo unga unafyonza maji na zile nyuzi zinaanza kujisuka zenyewe, na ukirudi utaliona donge si lile uliloliacha.

Ndipo unakanda. Paka mafuta kiganjani na mezani. Vuta donge kwa upande mmoja, likunje juu yake, ligeuze, vuta tena. Likinata sana libwage mezani, livute juu, likunje, libwage tena. Baada ya dakika tano weka siagi laini, kidogo kidogo. Donge litateleza na kuchanika, utaona kama limeharibika. Endelea. Siagi itaingia. Mimi hutumia dakika 12 hadi 15 kwa mkono, na siku nilizoishia dakika saba kwa sababu ya uchovu zimeonekana kwenye skonzi. Kujua kama limetosha, kata kipande kama yai dogo, kivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Kikivutika mpaka kiwe chembamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole upande wa pili, tayari. Kikikatika kabla ya hapo, rudi mezani.

Muda wa kuumuka ndio unaoleta ugomvi mwingi, kwa kuwa kila mapishi yanaandika saa moja kana kwamba nchi nzima ina hali ya hewa moja. Tanga mwezi wa pili, joto lile, donge hujaa maradufu ndani ya dakika 45, na ukienda sokoni ukachelewa unakuta limepitiliza na linanuka uchachu. Baadaye tulihamia Njombe kwa ajili ya kazi, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya mchezo. Skonzi zangu za kwanza kule zilitoka kama vibumba. Nilikuwa nafuata saa ya Tanga. Donge lilikuwa halijafika hata nusu ya safari yake, nami nimeshalitia jikoni. Kwa hiyo angalia donge, achana na saa: likiwa maradufu, chovya kidole kwenye unga, lichome. Shimo likibaki na kujirudi polepole, limefika. Likijirudi haraka, bado. Likinywea lote, limepitiliza. Likande upya kidogo, liumuke tena, lakini ladha haitakuwa ile.

Njombe ilinifundisha pia kutumia baridi badala ya kupigana nayo. Ninakanda usiku, naweka nusu ya hamira, naliacha donge kwenye bakuli lililofunikwa, asubuhi linakuwa limejaa. Huumuka polepole na kutoa harufu ya mkate ambayo haraka ya mchana haiwezi kuleta. Pwani usithubutu kuliacha nje hivyo, tumia friji.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Kata madonge ya gramu 60, yatatoka kama 16. Kila moja kunja kingo zake kuelekea chini, liviringishe kwa kiganja juu ya meza isiyo na unga mpaka uso ukazike. Panga kwenye trei iliyopakwa siagi, ukiacha nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine ili zikiumuka zishikane. Skonzi zilizoshikana ubavuni hubaki laini kuliko zilizookwa mbalimbali. Funika, ziumuke tena dakika 30 hadi 40 au zaidi kwenye baridi. Ukiigusa moja itetemeke kidogo. Paka maziwa juu. Ukitaka rangi ya kung'aa paka yai, lakini gamba litakuwa gumu kidogo, na mimi kwa skonzi za chai nachagua maziwa.

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzijoto 180 kabla hujaingiza trei. Dakika 18 hadi 20 zinatosha. Hapa pia ulaini unapotelea: mtu anasubiri rangi ya kahawia iliyoiva sana, na wakati huo ndani maji yamekwisha. Rangi ya dhahabu juu, na ubavu wa skonzi ya katikati usiwe mbichi ukiisogeza kidogo. Toa.

Asiye na oveni asikate tamaa, shangazi hajawahi kuwa nayo. Anatumia sufuria zito lililotandikwa mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, juu ya mchanga vijiwe vitatu, juu ya vijiwe trei ya duara. Analipasha sufuria kwanza, kisha anapalia moto juu na chini: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Wengi wanaounguza chini ni kwa sababu wamegeuza hesabu hiyo. Kupima joto anarusha chembe za unga kwenye trei tupu. Zikibadilika polepole kuwa rangi ya chai ya maziwa, anaweka skonzi. Zikiungua papo hapo, anapunguza makaa na kusubiri.

Zikitoka tu, zipake siagi zingali moto, kisha zifunike kwa kitambaa safi cha pamba papo hapo kwenye trei. Mvuke unaotoka utarudi kulainisha gamba. Baada ya dakika kumi zitoe kwenye trei, la sivyo chini zitaloa. Dakika hizo kumi za kusubiri ni ngumu ukiwa na watoto, nami huwapa ile ya pembeni.

Zikipoa kabisa zitie kwenye chombo chenye mfuniko, kabatini. Usizitie kwenye friji. Najua inaonekana kama ndiko kuhifadhi, lakini ubaridi wa friji unaufanya wanga wa mkate ukakamae haraka kuliko mezani. Za siku mbili tatu zikae nje, isipokuwa kwenye joto kali la pwani ambako zinaweza kuota ukungu. Zinazobaki ziingie friza siku ile ile, zimefungwa vizuri. Ukizitaka, toa usiku. Asubuhi weka sufuria kwenye moto mdogo, nyunyiza matone machache ya maji, panga skonzi kwenye kisahani cha bati ndani yake, funika dakika tano. Ukifunua, mvuke unakupanda usoni na harufu ya iliki, na chai iwe imeshachemka.