Jibu: Kolesteroli ya mama kushuka ghafla baada ya malaria

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama mama aache vidonge vya kolesteroli kwa kuwa kipimo chake cha kolesteroli, huko Mbale, kimeshuka kutoka 6.4 hadi 3.9 (mmol/L), wiki moja tu baada ya malaria. Asiache! Mwili ukipambana na maambukizi, LDL (kolesteroli “mbaya”) na HDL (“nzuri”) hushuka zenyewe, huku trigliseridi (mafuta mengine ya damu) zikipanda. Hiyo 3.9 ni picha ya ugonjwa, si ya mama. Apone kabisa, angoje kama miezi miwili, ndipo apimwe tena.

Kinyume chake pia hutokea: ugonjwa mwingine huipandisha kolesteroli. Shangazi yangu hapa Jinja aliacha hadi rolex yake ya asubuhi, ile chapati ya mayai (na alivyoipenda!), LDL ikagoma kushuka. Daktari mmoja akamtazama ngozi ilivyokauka, akasikia analalamika baridi mchana kweupe, akaagiza kipimo cha tezi ya shingo (thairoidi). Tezi ilikuwa imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Alipoanza dawa ya tezi, kolesteroli nayo ikashuka.

Kisukari kisichodhibitiwa, figo zinazovujisha protini, ujauzito, hata baadhi ya ARV, vyote huvuruga namba. Mama ana sukari? Mwambieni daktari kuhusu hiyo malaria, maana karatasi ya maabara haisemi.