Kabla hujapima jeni, hakikisha alumini imeufikia mzizi

Kwenu mnaoanza kazi ya jeni za mimea na metali zenye sumu hapa Arusha: kosa linalokula miezi mingi huanzia kwenye ndoo ya maji, siku nyingi kabla ya kugusa mashine ya PCR, ile inayozidisha vipande vya DNA ili jeni zipimike.

Maji ya maeneo mengi ya Arusha yana floridi nyingi, ile ile inayotia meno rangi ya kahawia. Floridi huikamata alumini, na alumini iliyokamatwa haiuumizi mzizi kama iliyo huru. Mche utastawi, nawe utaandika kwamba mbegu hiyo ni stahimilivu. Fosfeti ya kwenye virutubisho nayo huigandisha alumini ikatuama chini ya chombo. Basi tumieni maji yaliyokenekwa, na kwa saa za jaribio miche ikae kwenye kloridi ya kalsiamu tu, milimola 0.5 kwa lita.

Yeyusha gramu 0.241 za kloridi ya alumini yenye maji sita, ujaze hadi mililita 100. Chota mililita 5, jaza hadi lita moja: hiyo ni mikromola 50, inatosha kwa maharage. Rekebisha pH iwe 4.5 baada ya kutia alumini, kwa kuwa yenyewe huishusha. Ikipita 5, sumu hupungua na jaribio limeharibika. Miche ya kulinganishia nayo iwe kwenye pH 4.5 bila alumini. Ukiiweka kwenye pH 6, jeni zilizowashwa na asidi utazihesabu kuwa za alumini.

Maharage hujikinga kwa sitreti: jeni ya MATE, yaani ya protini inayobeba sitreti, huwaka, protini hiyo husukuma sitreti nje ya ncha ya mzizi, na alumini hunaswa kabla ya kuingia. Lakini hayaanzi papo hapo. Hupita saa kadhaa. Kateni sampuli saa 0, 4, 8 na 24 tangu kutia alumini, ncha ya sentimita 1 tu, moja kwa moja kwenye naitrojeni ya maji. Ukisaga mzizi mzima, ishara ya ncha inazama.

Kwenye PCR yenyewe: ondoeni DNA kwa DNase (kimeng'enya kinachoivunja), tumieni jeni mbili za rejea, yaani zisizobadilika, mlizozihakiki chini ya alumini, na ufanisi wa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) uwe asilimia 90 hadi 110.

Jeni isiyopandisha mRNA (nakala yake ya kutengenezea protini) msiitupe haraka. Kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio ya maabara, protini ya STOP1 ndiyo huwasha ALMT1, jeni ya kutoa malati mzizini, ila mRNA ya STOP1 haibadiliki sana. Kinachoongezeka ni protini yake, maana haivunjwi tena kama awali. Kimeng'enya kinachotengeneza fitokelatini, molekuli zinazoikamata metali ndani ya seli, nacho huwa kimeshakuwepo, kadimiamu ikija inakiamsha tu.

Wanaokwenda Moshi kuchukua udongo wa vihamba, ambako kahawa imepuliziwa dawa za shaba dhidi ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, wasitegemee shaba yote inayopimwa kwa asidi kali. Mboji huishika shaba kwa nguvu. Pimeni pia ile inayotolewa na kloridi ya kalsiamu ya mola 0.01, maana hiyo inakaribia zaidi kile mzizi unachokutana nacho. Mizizi ya kupima shaba ya ndani iloweke kwenye EDTA (kemikali inayokamata metali) ya milimola 20 kwa lita kwa dakika 15, kuondoa iliyogandia nje. Ya RNA itengwe na kugandishwa kwanza, kwa sababu dakika hizo 15 zinatosha kubadilisha uwakaji wa jeni.