"Ajali ya bodaboda": ni nani aliyeumia?

SWALI: Mimi ni karani wa kumbukumbu za afya katika hospitali ya wilaya, na ndiye ninayeweka misimbo kwenye majalada ya majeruhi. Maelezo ya mapokezi huandikwa kwa Kiswahili kama ndugu walivyosimulia, na mara nyingi husomeka hivi: "Amepata ajali ya bodaboda, amevunjika mguu." Je, Kiswahili hicho kina kosa?

JIBU: Kisarufi, sentensi hiyo haina kosa lolote. Tatizo ni kwamba "ya" katika "ajali ya bodaboda" inaunganisha maneno mawili bila kueleza uhusiano wake, kwa hiyo aliyeumia anaweza kuwa dereva, abiria, au mtu aliyekuwa akivuka barabara. Kijiweni hilo halimsumbui mtu, lakini katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, kila mmoja wao ana msimbo wake. Dereva wa pikipiki aliyeumia barabarani katika mgongano na gari dogo huandikiwa V23.4 na abiria wake V23.5, ilhali mtembea kwa miguu aliyegongwa na pikipiki barabarani huingia V02.1. Pikipiki ikiteleza na kuanguka bila kugongana na chochote, tunahamia V28.

Kiswahili kinazo nyenzo za kutenganisha hayo yote, nazo zimo ndani ya kitenzi. "Aligongwa na pikipiki" humweka majeruhi nje ya chombo. "Pikipiki aliyopanda iligongana na gari" humweka juu yake, ingawa hata hapo tutataka kujua kama ndiye aliyeshika usukani. Upatanisho wa kisarufi nao unahitaji uangalifu, kwa sababu siku hizi "bodaboda" ni chombo na pia ni mtu anayekiendesha: "bodaboda iligongwa" si sawa na "bodaboda aligongwa", na herufi moja iliyoandikwa kwa haraka hubadilisha habari nzima. Ndiyo maana napendekeza jaladani chombo kiitwe pikipiki na mtu aitwe dereva wa pikipiki. Bajaji isichanganywe humo, kwani vyombo vya magurudumu matatu vina kundi lake, V30 hadi V39.

Kuhusu "mguu", neno hilo kwetu huanzia nyongani na kuishia vidoleni. Fupa la paja likivunjika katikati ni S72.3, muundi ukivunjika katikati ni S82.2, na mifupa iliyo chini ya kifundo ina S92. Vilevile andika kama ngozi ilipasuka juu ya mvunjiko, kwa maana uainishaji huo unaelekeza kwamba mvunjiko usiotajwa kuwa wazi uhesabiwe kuwa umefungika, na hivyo jeraha zito linaweza kupotea katika takwimu kwa sababu tu hakuna aliyeliandika.

Maelezo yanayotosheleza yangesomeka hivi: "Abiria wa pikipiki iliyogongana na gari dogo barabarani, fupa la paja la kulia limevunjika katikati, ngozi imepasuka." Maneno yameongezeka kidogo tu. Yasipokuwepo, usikisie msimbo, mrudishie aliyeandika ukimwuliza waziwazi, "Alikuwa anaendesha, amepakiwa, au anatembea?"