Musa hakuruhusu tumchome mwizi: jibu kwa ndugu aliyeibiwa pikipiki

Ndugu mleta mada, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Pikipiki yako iliibwa hapa Arua, Uganda. Kijana alikamatwa saa nne asubuhi akiuza vipuri vyake, na wiki tatu baadaye umemkuta sokoni akinywa chai kwa sababu hakimu amempa dhamana. Umeandika kwamba mahakama hizi za kurithi kwa Waingereza zimetushinda, turudi kwenye sheria ya Musa, jino kwa jino, na kwamba vijana wa stendi walikosea kumkabidhi polisi badala ya kummaliza pale pale. Wengi wamekuunga mkono.

Mimi nimekuwa mkalimani wa mahakama huku West Nile kwa miaka 17, Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili kwenda Kiingereza na kurudi, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Hasira yako naijua, nimeitafsiri mara nyingi. Lakini unachokitaka si sheria ya Musa, na sheria ya Musa ina kitu kimoja unachostahili ambacho hukukiomba.

Fungua Kutoka 22, maana sura hiyo inazungumzia wizi moja kwa moja. Inasema mwizi akikutwa anabomoa nyumba usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Aya inayofuata inageuka: jua likiwa limekwisha kuchomoza, aliyemuua ana hatia ya damu. Aliyelala nyumba ya udongo anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Usiku hujui aliyetoboa ukuta amefuata kuku au amekufuata wewe. Mchana unamwona uso, unapiga yowe, majirani wanakuja, anashikwa. Kijana wako alishikwa saa nne asubuhi, katikati ya watu, hana hata kisu. Wangemuua, Musa mwenyewe angewahesabu kuwa wamemwaga damu.

Na hilo "jino kwa jino" linahusu mwili uliojeruhiwa, nalo ni kikomo: jino moja kwa jino moja, si ukoo mzima kwa jino moja. Mwizi wa mali hayumo humo. Anayeiba mtu ndiye anayeuawa, Kutoka 21:16. Anayeiba mnyama analipa.

Nikueleze kesi moja, bila kutaja mahali. Kijana alishukiwa kuiba simu, akapigwa kwa mawe na matofali sokoni mchana kweupe hadi akafa. Ilikuwa siku ya gulio, watu walijaa. Ilipofika mahakamani, upande wa mashtaka ulileta daktari aliyeupima mwili, askari aliyeuchukua, na mama wa marehemu. Wale waliokuwepo? Mmoja alisema alikuwa amekwenda kununua mihogo. Mwingine alisema vumbi lilikuwa jingi. Nilizitafsiri sentensi hizo sauti ikinikwama, kwa sababu mama alikuwa amekaa mita tatu kutoka kwangu na Kilugbara alikuwa anakisikia kabla mimi sijafungua mdomo. Washtakiwa wakaachiwa. Jaji mwaminifu asingeweza kufanya vingine.

Usiku ule nilisoma Kumbukumbu la Torati 17. Mtu hauawi kwa kinywa cha shahidi mmoja, lazima wawe wawili au watatu, na mkono wa mashahidi ndio uwe wa kwanza kutupa jiwe. Lifikirie hilo. Anayetaka mwenzake afe lazima kwanza asimame mbele ya wazee, aseme kwa jina lake alichokiona, aulizwe, kisha anyanyue jiwe yeye mwenyewe, wote wanamtazama. Na akigundulika amesema uongo, sura ya 19 inaagiza atendewe lile alilokusudia kumtendea mwenzake. Kundi la sokoni ni kinyume cha yote hayo. Kila mkono unatupa jiwe na hakuna hata mmoja aliye shahidi. Kuna agizo jingine, Kumbukumbu 21, la maiti iliyookotwa porini na muuaji hajulikani: wazee wanapima umbali, na mji ulio karibu zaidi ndio unaowajibika, wazee wake wanaosha mikono juu ya ndama na kutamka kwamba hawakumwaga damu hiyo. Soko lile lina mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, lina makanisa matatu na msikiti. Hakuna aliyekuja kuosha mikono.

Sasa kuhusu mashahidi hapa kwetu. Sheria ya Ushahidi ya Uganda haihesabu vichwa. Shahidi mmoja anaweza kutosha, mahakama inapima uzito wake. Lakini ikiwa ni shahidi mmoja wa utambuzi, hasa usiku, majaji wetu wanafuata onyo lililowekwa tangu 1953 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Abdalla bin Wendo: ichunguze kwa makini kulikuwa na mwanga gani, umbali gani, alimwona kwa muda gani, alimjua kabla au la. Nimewatafsiria watu maswali hayo mara nyingi sana, na mara nyingi shahidi hukasirika akidhani wakili anamdharau. Hamdharau. Nabothi alikuwa na mashahidi wawili dhidi yake, idadi kamili ya Torati, wote wa uongo, akapigwa mawe, na mfalme Ahabu akachukua shamba lake la mizabibu. Wenzetu Wakatoliki wanasoma pia habari ya Suzana katika Danieli: wazee wawili wanamshtaki, Danieli anawatenganisha, anamuuliza kila mmoja ni chini ya mti gani, na kila mmoja anataja mti wake. Mwanamke akapona. Kumhoji shahidi hadi uongo uonekane hakukuletwa na Wazungu.

Dhamana ndiyo iliyokuuma zaidi, kwa hiyo niende polepole. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 28, inasema mshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Ibara ya 23 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kwa kosa ambalo mahakama ya hakimu inaweza kulisikiliza, akikaa rumande siku 60 bila kesi kuanza, lazima aachiwe kwa dhamana; kwa kosa la Mahakama Kuu peke yake ni siku 180 kabla ya kesi kupelekwa huko. Kabla ya siku hizo, hakimu anaweza kumpa kwa masharti. Hivyo kijana wako hajasamehewa, kesi ipo na tarehe ipo, na wadhamini waliomwekea sahihi watatafutwa asipofika.

Je, Musa angemfunga? Hapo ndipo watu hushangaa ninapofundisha kanisani. Katika sheria za Musa hakuna adhabu ya kifungo. Yusufu alifungwa Misri, kwa sheria ya Misri. Yeremia alitupwa shimoni na wakuu waliomchukia. Katika Torati mtu anawekwa kizuizini mpaka neno litolewe juu yake, Walawi 24:12 na Hesabu 15:34, basi. Hata aliyeua alikuwa na mji wa kukimbilia, miji 6 ilitengwa, ili mlipiza kisasi asimuue kabla hajasimama mbele ya mkutano kuhukumiwa. Kinga ya mshtakiwa kabla ya hukumu imo humo humo mnakotaka turudi. Magereza yetu, kinyume chake, yamejaa, na karibu nusu ya waliomo ni watu wa rumande. Thomas Kwoyelo, kamanda wa waasi wa LRA, alikamatwa 2009 na hukumu ilitoka 2024. Miaka 15. Wahanga wake walisubiri miaka hiyo hiyo pamoja naye, wengine wakafa wakisubiri. Hapo nakubaliana nawe kabisa kwamba tunakosea, lakini dawa yake ni kesi kusikilizwa mapema.

Ninakuja kwenye kile ambacho hukukiomba.

Miaka kadhaa nyuma mjane mmoja aliibiwa mbuzi 4. Mwizi alikamatwa, akakiri, akafungwa miezi kadhaa. Hakimu alisoma adhabu kwa Kiingereza, mimi nikaitafsiri, karani akaita kesi nyingine. Yule mama hakuondoka. Akaniuliza, "Mwanangu, na mbuzi wangu je?" Nikageuka kuitafsiri, lakini hakimu alikuwa ameshainamia faili jingine, na mwendesha mashtaka akaniambia kwa mkono kwamba imekwisha. Nikamwambia mama, "Amefungwa." Akarudia, kwa upole, kwamba amesikia amefungwa, anauliza mbuzi. Sikuwa na la kumwambia. Nikamtoa nje nikamnunulia maji.

Torati ingemjibu kabla hajauliza. Kutoka 22: aliyeiba kondoo au mbuzi akamchinja au kumuuza, alipe wanne kwa mmoja, ng'ombe, watano kwa mmoja, akikutwa naye hai, alipe wawili. Malipo yanakwenda kwa aliyeibiwa. Zakayo alipopanda ule mkuyu aliijua hesabu hiyo, ndiyo maana akasema atarudisha mara nne. Pikipiki yako iliyotolewa injini ni sawa na mbuzi aliyechinjwa. (Asiye na kitu aliuzwa ili kulipa wizi wake. Hilo silitaki lirudi, na nadhani wewe pia hulitaki.) Katika mfumo wetu, kesi ya jinai ni Uganda dhidi ya fulani. Wewe uliyeibiwa ni shahidi tu, unaletwa, unasema, unaondoka. Mwizi analipa kwa miezi yake, na anayelipwa ni serikali, ambayo hata inagharamia chakula chake humo ndani.

Lakini mlango upo, na mjane yule hakuambiwa na mtu, mimi nikiwemo, kwa sababu wakati ule sikuujua. Ibara ya 126 ya Katiba inaziagiza mahakama ziwape fidia ya kutosha waliodhulumiwa na zikuze upatanisho. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inamruhusu hakimu, akimtia mtu hatiani, kuamuru amlipe fidia aliyepata hasara. Kwa makosa madogo, tangu 2000 tuna sheria ya adhabu ya kutumikia jamii, mtu anafanya kazi huku akiwa nyumbani, na anaweza kutafuta za kukulipa. Mtoto akiiba kitu kidogo, Sheria ya Watoto inaipa mahakama ya kijiji uwezo wa kuamuru arudishe, alipe, aombe radhi. Hapo wazee wa LC wako karibu na Kutoka 22 kuliko mahakama ya mjini. Na katika kesi ya Kwoyelo, Desemba 2024, Mahakama Kuu kule Gulu iliona hana mali ya kulipa ikaiamuru serikali iwalipe wahanga, hadi shilingi milioni 10 kwa mhanga. Nilipoisikia redioni nilimkumbuka yule mama.

Mmoja wenu ameuliza kuhusu mauaji. Kwa kifupi: Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa uhai wa muuaji. Ndugu zetu Waacholi wanaikubali fidia ya damu, koo mbili zikanywa mzizi mchungu pamoja katika ibada ya upatanisho iitwayo mato oput. Mahakama zetu ziko kati: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2009, kesi ya Susan Kigula na wenzake, jaji halazimiki tena kutoa adhabu ya kifo, anapima kila kesi. Kwa hilo nasimama na jaji anayepima. Nimeziona nyuso za watu kizimbani na si zote zimefanana.

Turudi kwako. Nenda kwa mwendesha mashtaka wa serikali kabla ya tarehe ya kesi, mweleze kwamba unataka fidia iombwe ikiwa kijana atatiwa hatiani. Peleka kadi ya pikipiki, risiti ya ulikonunua, na bei ya fundi ya kuirudisha barabarani, yote kwa maandishi. Andika pia ulikuwa unaingiza kiasi gani kwa siku. Vipuri vilivyo polisi ni vielelezo. Uliza vitarudishwa lini na uandike jina la askari anayevitunza. Dhamana ya polisi au ya mahakama isikutishe, na usimfuate kijana sokoni. Ukiitwa kutoa ushahidi, sema kwa lugha unayoijua vizuri, mkalimani yupo na humlipi.

Na siku ya hukumu usikae benchi la nyuma. Kaa mbele, karibu na mkalimani. Hakimu akiuliza kama upande wa mashtaka una la kusema kuhusu adhabu, mtazame mwendesha mashtaka ili akumbuke. Akisahau, simama kabla faili halijafungwa, uombe ruhusa, uulize kuhusu pikipiki yako. Mkalimani atalitafsiri.