Maswali ya Wasomaji: Mnada wa samaki ndani ya kompyuta

Barua nne za safari hii, kutoka Bagamoyo na Tanga, zinahusu jambo moja: kuiga soko au mtaa kwa kuwaunda watu wake mmoja mmoja, kila mmoja na kanuni zake, kisha kuwaacha waingiliane na kutazama kinachotokea. Wengine humwita kila mtu huyo wa kubuni “wakala”. Sisi tunasema “mhusika”, maana ukimtajia mtu wa pwani wakala atakuuliza kama ana floti.

SWALI: Salaam wahariri. Nasoma uchumi, nyumbani ni Bagamoyo. Nataka kuunda modeli ya mnada wa samaki pale ufukweni nione kama chumba cha barafu kikiletwa mvuvi atapata bei nzuri, au atakayefaidi ni mchuuzi. Nimepakua NetLogo, programu ya kuundia modeli za namna hii. Nianze na wahusika wangapi?
*Mwanafunzi, Bagamoyo*

JIBU: Idadi iache kwanza. Anza na daftari, na ukae nalo mnadani mwezi mwandamo mzima, yaani siku 29 au 30. Ukikaa wiki moja utapata bamvua (maji makubwa) bila maji mafu (maji madogo), au maji mafu bila bamvua. Dagaa wa taa nao wanavuliwa gizani, kwa hiyo siku za mbalamwezi utawaona wachache. Na ujue kwamba daftari la msimu wa kaskazi halikuambii lolote la msimu wa kusi.

Kwa kila fungu linalonadiwa andika saa, aina ya samaki, kipimo (tenga, ndoo au kilo), bei ya kuanzia, bei ya mwisho, wangapi walipandisha, na aliyechukua ni nani: mkaangaji, muuza mbichi wa mitaani, au mwenye gari la barafu la kwenda Dar es Salaam. Halafu kuna safu moja ambayo karibu kila mtu huisahau, nayo ni ya samaki wasionadiwa kabisa. Mvuvi aliyekopeshwa nyavu, mashine au mafuta na tajiri wake mara nyingi hana uhuru wa kusimamisha samaki mnadani. Mzigo unapita pembeni kwa bei waliyokubaliana. Ukiviingiza vyombo vyote mnadani utakuwa umeunda soko, lakini si la Bagamoyo.

Sasa mpe mchuuzi kanuni. Ya kwanza ni kikomo chake cha bei. Tuseme mkaangaji anatarajia tenga limpe shilingi 90,000 akishauza. Kuni, mafuta na bajaji ni 15,000, na faida asiyokubali kushuka chini yake ni 15,000. Kikomo chake ni 60,000, na hapandi zaidi. Kanuni ya pili ni mtaji wa mkononi: akiwa amebakiwa na 40,000, kikomo cha 60,000 hakina maana. (Hizi ni tarakimu za mfano; zako zitoke daftarini.)

Mnada wenyewe ni mistari michache. Dalali anaanzia chini na kupandisha kwa 1,000, na kila anayefika kikomo anajitoa. Vikomo vikiwa 60,000, 58,000 na 50,000, nyundo itaanguka kwenye 58,000 au 59,000. Mtoe yule wa pili, bei inashuka hadi kama 51,000, ingawa mwenye kikomo cha 60,000 bado yupo palepale na pesa zake zote. Bei anayopata mvuvi inawekwa na mzabuni wa pili. Kwa hiyo swali lako la barafu, ukilivua nguo, linauliza hivi: chumba kile kitaongeza wazabuni kwenye fungu, au kitawapunguza?

Kinaweza kufanya yote mawili. Mvuvi mwenye nafasi chumbani anaweza kusubiri kesho badala ya kutupa bei saa tano jua likiwaka. Lakini mchuuzi mwenye nafasi hiyohiyo atanunua matenga matatu siku ya rahisi, na siku ya ghali hatakuja mnadani. Ndiyo maana usiandike barafu kama swichi moja ya kuwasha na kuzima. Weka mbili: nafasi za wavuvi na nafasi za wachuuzi, na ada ya tenga kwa siku iwe peke yake. Tunavyoona sisi, jibu lako limo katika nani amekabidhiwa ufunguo wa chumba kuliko katika barafu yenyewe.

Idadi sasa. Vyombo 40, wachuuzi 60 na magari 5 vinatosha kuanzia, na kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya GB 4 itavimudu bila shida. Hatua moja ya modeli iwe fungu moja. Siku inaisha mafungu yakiisha. Endesha siku 200, na 50 za mwanzo uzitupe, kwa sababu mitaji uliyowapa wahusika siku ya kwanza umeibuni wewe na inachukua muda kujirekebisha.

Kabla hujawapa wachuuzi akili yoyote, jaribu wasio na akili. Mwaka 1993 Dhananjay Gode na Shyam Sunder waliunda wanunuzi na wauzaji waliotaja bei kwa nasibu tupu, sharti pekee likiwa wasinunue wala kuuza kwa hasara. Soko lao lilikaribia kutoa faida yote iliyowezekana kupatikana. Toleo kama hilo liwe kipimo chako. Ukiona wachuuzi wako werevu wanaleta bei zilezile za wale wa nasibu, werevu uliouweka haufanyi kazi; ufute, modeli iwe fupi.

Makosa mawili yatakujia. La kwanza ni zamu. Vyombo vikitia nanga kwa mpangilio wa 1 hadi 40 kila siku, chombo namba 1 kitakutana daima na wachuuzi wenye mtaji mzima, na namba 40 na waliokwisha kununua. Baada ya miezi sita utagundua “tabaka la wavuvi matajiri” ambalo umelizalisha kwa kuhesabu. Amri ya `ask` ya NetLogo huwachanganya wahusika yenyewe, ila ukiwapanga kwenye orodha na kuipitia kwa `foreach`, mpangilio unabaki ulivyo. Kulitambua ni rahisi: chora mapato dhidi ya namba ya chombo. Mstari ukiinama, kuna zamu iliyolala.

La pili ni pesa kuvuja. Kila mwisho wa siku modeli ijumlishe shilingi zote, na iwe sawa na za jana, ukiongeza zilizoingia kutoka kwa walaji na kutoa zilizotoka kwa gharama na ushuru. Samaki nao vivyo hivyo: kilo zilizoshuka ni zilizouzwa, zilizooza na zilizo kwenye barafu, basi. Hesabu isipofunga, programu isimame palepale. Usiseme utaitafuta baadaye.

Utakutana pia na modeli ya soko la samaki la Marseille, Ufaransa, ya Alan Kirman na Nicolaas Vriend (2001), ambamo wanunuzi wanajenga uaminifu kwa wauzaji fulani. Ni nzuri, lakini pale muuzaji na mnunuzi wanapatana wawili wawili, bei haitangazwi. Kanuni zake ni za kuazima kwa upande wa mvuvi na tajiri wake. Kwa mnada wa kelele hazikufai.

SWALI: Nimeunda modeli ya bodaboda 100 za Tanga zenye vijiwe viwili, stendi ya Kange na Ngamiani. Kila saa dereva anaangalia kijiwe gani kililipa zaidi na anahamia huko. Matokeo: wote 100 Kange, saa inayofuata wote 100 Ngamiani, wanarudi, hivyo hivyo hadi mwisho. Je, hili ni jambo la kweli la kiuchumi?
*Msomaji, Chumbageni, Tanga*

JIBU: Hapana, ni saa yako. Umewaamuru wote waangalie kwa pamoja na wahame kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja anakimbilia kijiwe ambacho mwenzake naye anakikimbilia. Mwache dereva mmoja aamue, idadi za vijiwe zisasishwe, ndipo aamue mwingine. Au kila saa wachague 10 tu kwa nasibu ndio wafikirie kuhama. Ongeza na mafuta ya safari: hakuna atakayetoka Ngamiani kwenda Kange kwa tofauti ya shilingi 200. Kuyumba kukitoweka, kulitokana na mpangilio wa zamu.

Wakubwa pia waliteleza hapa. Mwaka 1992 Martin Nowak na Robert May walionyesha modeli yenye michoro ya kuvutia ya ushirikiano wa wahusika ukidumu kwenye ubao wa miraba, wote wakibadilika kwa pigo moja. Mwaka uliofuata Bernardo Huberman na Natalie Glance waliiendesha modeli hiyo kwa zamu zilizotawanyika, na ushirikiano ukazimika.

Ukishatengeneza zamu, wape madereva makisio tofauti: mmoja anatumia saa iliyopita, mwingine wastani wa saa tatu, mwingine saa kama hii jana. Brian Arthur alifanya hivyo mwaka 1994 kwa watu 100 wanaoamua kama waende baa inayopendeza ikiwa na watu wasiozidi 60. Bila kuambizana, waliohudhuria walizungukazunguka 60.

SWALI: Shikamooni. Nafundisha sekondari Tanga, na maabara ya kompyuta imefungwa. Somo hili laweza kufundishwa bila kompyuta?
*Mwalimu*

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Tafuta ubao wa drafti na vizibo 60 vya soda. Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2005 pamoja na Robert Aumann, aliifanya kazi hii kwa sarafu juu ya ubao kama huo na kuichapisha mwaka 1971.

Vizibo chali ni mashabiki wa Coastal Union, kifudifudi ni wa African Sports. Acha pembe nne wazi, jaza miraba 60 iliyobaki kwa kupishanisha. Hapo kila mmoja ameridhika. Toa vizibo 20 kwa kubahatisha, kisha rudisha 5 kwenye miraba mitupu, pia kwa kubahatisha, chali au kifudifudi kwa kurusha sarafu. Sasa una vizibo 45 na miraba 19 mitupu.

Kanuni: kila shabiki anataka zaidi ya theluthi ya majirani zake wawe wa timu yake. Majirani ni wa miraba 8 inayomzunguka, wa kona wakiwemo. Akiwa na jirani 1 au 2, anataka 1 wa kwake; akiwa nao 3 hadi 5, anataka 2; akiwa nao 6 hadi 8, anataka 3. Asiyeridhika anahamia mraba mtupu wa karibu unaomtosheleza. Endeleeni hadi wote watulie.

Wanafunzi watakosea mahali pawili: kuhesabu miraba mitupu kama majirani, na kumpeleka shabiki mahali bora kabisa badala ya pa karibu panapotosha. Kabla na baada, kila kundi lihesabu wastani wa sehemu ya majirani wanaofanana. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Wataona ubao umegawanyika mapande, ilhali hakuna shabiki hata mmoja aliyekataa kuwa wachache mtaani kwake.

SWALI: Msimamizi wangu anasema modeli yangu “nimeipika”, kwa kuwa kila nikiiendesha inatoa grafu tofauti na mimi nimechagua nzuri. Nimjibu nini?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Kwa hilo la kuchagua grafu, ana haki. Nasibu ikiwamo, mwendo mmoja ni sawa na kurusha sarafu mara moja. Weka mbegu ya nasibu (namba ambayo kompyuta huanzia kubahatisha) kwa `random-seed` na uiandike, ili mtu mwingine apate grafu ileile. Kisha endesha mara 30 kwa kila hali kwa zana ya BehaviorSpace iliyomo ndani ya NetLogo, ongeza hadi wastani uache kuhama, na uonyeshe mwendo wa kati pamoja na upana wake. Kama modeli yako ni ya samaki na unalinganisha hali mbili, mavuno ya kila siku yatoke kwenye faili moja, la sivyo utasifia sera kumbe ilikuwa bahari tu.

Halafu kata data zako nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza irekebishe modeli. Ya pili usiiguse mpaka mwisho, ndiyo mtihani. Usishindanie namba moja: tafuta mifumo mitatu au minne kwa pamoja, kwa mfano bei kushuka kuelekea adhuhuri, tofauti ya bamvua na maji mafu, na sehemu ya samaki wanaobaki. Namba moja hulinganishwa kwa kuchezea vigezo. Mitatu kwa pamoja ni kazi. Maelezo yaandike kwa mpangilio wa ODD, ambao ni utaratibu wa kueleza modeli za namna hii, uliochapishwa na Volker Grimm na wenzake mwaka 2006 na kusasishwa 2010 na 2020. Una vipengele saba, na cha tatu kinakutaka useme nani anaanza na nani anafuata. Mpelekee msimamizi hicho kwanza.