Nikimtaja aliyenifundisha kuandika, si watasema nimemwibia?

SWALI: Habari za kazi. Mi naandika hadithi fupi, kitabu changu cha kwanza kinakaribia kutoka. Kuna mwandishi nimemsoma tangu niko sekondari, yaani nikikaa kuandika namsikia kabisa masikioni. Juzi mwandishi mwenzangu kasoma mswada, akaniambia kurasa za mwanzo ni yule mtupu. Nilipanga kumshukuru mwanzoni mwa kitabu, sasa naogopa, si ndo najichongea?
Mwoga wa Shukrani

JIBU: Mwoga, mtaje tu. Aliyemsoma huyo mtu atamtambua humo utake usitake, na ukinyamaza ndo utaonekana ulikuwa unaficha. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alimsoma Shaaban Robert mpaka tasnifu yake ya umahiri, 1976, ikawa ni kuhusu riwaya za mzee huyo, na hapo alikuwa ameshatoa Kichomi, 1974, mashairi yasiyojali vina wala mizani, mbali kabisa na yale ya Shaaban. Kumbe unaweza kumheshimu mtu na usiongee kwa sauti yake.

Ila hilo la kurasa za mwanzo usilipuuze. Chukua aya yake moja unayoipenda, inakili kwa mkono, polepole, halafu jiulize hapa nimependa nini hasa. Mi nilishafanya hivyo kwa mwandishi wangu nikakuta ni kitu kidogo tu, hakwambii mhusika kachanganyikiwa, anakuonyesha mtu anafunga shati, kifungo kinaingia tundu lisilo lake, anafungua anaanza upya, tundu lilelile tena. Basi. Mbinu hiyo haina mwenyewe, ichukue, lile shati ndo umwachie.

Na kwenye shukrani usiandike “kwa mchango wake mkubwa”, hiyo ni lugha ya risala (kila kitabu kinayo na hakuna anayeisoma). Sema alichokupa. Kama ni yeye aliyekufundisha kukata hadithi mapema, kabla msomaji hajaanza kuhesabu kurasa zilizobaki, andika hivyohivyo, mstari mmoja unatosha.

Halafu huyo mwenzako, mbona hujasema kama umemshukuru? Wengi wakipewa mswada wanarudisha “kazi nzuri, hongera” na hata nusu hawajafika. Yeye kakuonyesha mpaka kurasa zenyewe. Mtaje na yeye, na mswada ukishausafisha mpelekee tena kabla haujaenda kiwandani.