Fizikia haikuwemo kwenye matokeo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwanafunzi wa sekondari apange lini masomo yake ili yamfikishe chuoni na kazini?" Mimi nasema kidato cha pili, kabla ya likizo ya Desemba, tena aanzie chuoni ndipo arudi darasani. Si mwalimu mimi. Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mjini, na mkeka, yaani matokeo ya kidato cha nne, ukishatoka kibanda changu kinageuka ofisi ya taaluma. Wanakuja kubadili machaguo ya kidato cha tano na vyuo kwenye Selform, fomu ya mtandaoni, wanakuja kuomba vyuo, wengine wanakuja kulia tu.

Mwaka jana aliingia mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, ameongozana na bintiye. Wanataka uuguzi, diploma. Nikafungua matokeo: Kiswahili B, Baiolojia C, Jiografia C, Kemia D, Uraia D. Mama kanikazia macho kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Nikashusha kidole kwenye kioo cha kompyuta, nikakipandisha tena. Fizikia hamna. Si kwamba ana F, haimo kabisa. Aliiacha alipoingia kidato cha tatu.

"Si ana C ya Baiolojia, mwanangu?"

"Anayo, mama. Ila uuguzi wanataka Baiolojia, Kemia na Fizikia, zote tatu, angalau D."

"Mbona shuleni waliwaambia Fizikia ni hiari?"

Sikuwa na la kumjibu. Shuleni ni hiari kweli, chuoni ni sharti, na anayeachiwa kuchagua ni mtoto wa miaka kumi na tano anayefuata walikoenda rafiki zake. Nayajua hayo kwa sababu yalinikuta. Mwalimu wetu wa Fizikia alihamishwa katikati ya mwaka, tukaulizwa nani anabaki sayansi na nani anakwenda sanaa. Nikanyoosha mkono wa sanaa, maana dawati langu zima lilikuwa limenyoosha. Nilitaka kuwa tabibu. Mwongozo wa udahili nimekuja kuusoma nikiwa nawachapishia wengine.

Na mwongozo wenyewe haufichwi. Wa astashahada na diploma hutolewa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, wa shahada hutolewa na TCU, tume ya vyuo vikuu, na yote miwili inapatikana bure mtandaoni. Kila kozi ina mstari wake wa masharti. Mtoto ataje kazi mbili tatu anazozipenda, msome naye mistari hiyo, mpigie duara kila somo linalotajwa. Hayo ndiyo masomo yasiyoachwa, hata kama mwalimu wake ni mkali, hata kama hayupo.

Kidato cha tano nako kuna mtego wake. Nimeshawaona waliokwenda CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) wakiamini wako njiani kuwa madaktari kwa kuwa wana Kemia na Baiolojia. Udaktari wa binadamu unadai ufaulu wa kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB. Jiografia haikai kwenye kiti cha Fizikia. Wengine wameshika kwamba chuo kikuu kinataka principal pass mbili (alama ya A hadi E ya kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4, na kusoma kwao kunaishia hapo. Hicho ni kiwango cha chini cha jumla, kozi ina yake juu yake. Hata F ya Hesabu ya kidato cha nne, ambayo watoto wa sanaa huichekea, inaweza kumkuta mtu mlangoni mwa uchumi au uhasibu.

Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49 (michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita), zikafika 65. Sawa, lakini mimi naona zimewachanganya wazazi zaidi. Uliza kwanza ni shule zipi zinazoifundisha hiyo tahasusi.

Na jamani, tusitazame hospitali na benki tu. Kibirizi hapo hapo kuna kampasi ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi. Vijana wa ziwani wanapita getini kila siku na ndoo zao, ukiwauliza wanakwambia uvuvi ni kazi ya baba, siyo ya kusomea.

Yule binti tulimwombea maendeleo ya jamii, akapata. Wiki iliyofuata mama alirudi peke yake. Ana mwingine, mdogo, yuko kidato cha pili. Akaomba nimtolee ule ukurasa wa uuguzi. Nilipomuuliza nakala ngapi, akasema mbili, moja ya kubandika ukutani, nyingine atampelekea mwalimu wa taaluma mwenyewe, Jumatatu, kabla hajaenda kuanika.